Hogo la Kobe wa Mama

Naandika haya nikiwa na hasira. Si hasira ya jana, ni hasira iliyokaa miaka mpaka imekuwa kama mpangaji asiyehama, maana hadi leo nikipita mtaa wa Mirongo, Mwanza, kuna watu wazima wenye familia zao wanaoniita Daktari wa Kobe, na nikigeuka wananiuliza kwa upole kabisa, "Daktari, mgonjwa anaendeleaje?" Basi acheni niseme mwenyewe yaishe. Ndiyo, ni mimi niliyembeba kobe wa mama yangu mzazi, kobe mzima asiye na hata mkwaruzo, nikampeleka kwenye kituo cha kuuguza wanyamapori akafungwa hogo mguuni, lile plasta gumu jeupe wanalofungwa waliovunjika mifupa. Ndiyo, nilijua ni mzima. Na ndiyo, pilau nilikula, ingawa kijiko kimoja tu, na hicho chenyewe hakikukaa.

Kwanza mjue kwamba mimi si mtu wa kutoka. Wenzangu wamezaliwa na miguu, mimi nimezaliwa na makalio. Nilimaliza kidato cha nne, nikapata ukarani katika kampuni moja ya umma, na enzi za ruksa zilipoingia kampuni ikauzwa, sisi makarani tukaambiwa tumepunguzwa (kama vile tulikuwa chumvi iliyozidi kwenye mboga), nikarudi Buswelu kwa mama na redio yangu ya kaseti, nikakaa barazani kwenye kiti cha kamba, na kusema kweli sikuona sababu ya msingi ya kuinuka. Buswelu ya wakati ule ilikuwa mashamba na majabali, hakuna wa kukusumbua. Mama alikuwa akirudi na jembe begani ananitazama mimi, anamtazama kobe chini ya mpera, halafu anasema, "Angalau Shija anatembea."

Shija ndiye kobe. Kwa wasio wa kwetu nieleze kidogo: kwa Wasukuma watoto mapacha ni Kulwa na Doto, na anayezaliwa baada yao anaitwa Shija. Kulwa ni mimi. Doto hakuvuka utoto, surua ilimchukua tukiwa tunatambaa, na baada yetu mama hakupata mwingine. Sasa baba, Mungu amrehemu, alikuwa na mzaha wa namna yake. Siku moja akitoka kuchunga akakuta kakobe kadogo kama kisosi katikati ya njia, akakabeba ndani ya kofia mpaka nyumbani, akamkabidhi mama na kumwambia, "Haya, Shija wako huyu. Kachelewa kwa sababu ya mwendo." Mama, ambaye tangu msiba alikuwa hajacheka, akacheka. Akamtoboa tundu dogo ukingoni mwa gamba, akamtia pete ya waya wa shaba, na tangu siku hiyo nikawa na mdogo wangu. Akila nyanya za mama anatetewa. Nikila mimi nasemwa.

Nawaambia hili mapema ili mjue kwamba nilichokipakia kwenye gunia siku ile hakikuwa mnyama tu wa kufugwa, na mimi nilikuwa najua hivyo, kwa hiyo sehemu ya hasira hii ni yangu mwenyewe juu yangu mwenyewe. Lakini mtanivumilia, wako wa kutangulia kulaumiwa.

Anayetangulia ni Monita. Jina lake halina haja hapa, tulisoma naye, alikuwa monita wa darasa letu na ile sauti ya "kaa kimya nyuma huko" haikumtoka hadi uzeeni. Hakuwa Msukuma, alikuja Mwanza kusoma akapapenda akabaki, nami simlaumu kwa hilo. Siku za biashara huria, kila mtu alipokuwa anaanzisha kitu, wengine mabasi, wengine maduka ya mitumba, yeye alianzisha kituo. Alipata wafadhili wa ng'ambo wakamjengea pale ufukweni kwenye majabali mahali pazuri ajabu: meza ya bati la kung'aa ya kutibia, kabati la dawa na bandeji, bwawa la saruji la fisi maji waliokatwa na nyavu, na banda moja refu sana lililozungushiwa wavu, la ndege waliovunjika mabawa wajifunzie kuruka upya kabla ya kurudishwa ziwani. Sikuwahi kuona hospitali ya watu iliyojengwa vizuri vile. Tatizo dogo lilikuwa kwamba ndani ya lile banda refu Monita alifuga kuku wa kisasa, na kwenye bwawa la fisi maji shemeji yetu, mkewe, alikuwa analoweka mashuka.

Akaja nyumbani na pikipiki, mimi nikiwa barazani nasikiliza mpira.

"Kulwa, bado uko kwenye kiti kile kile?"

"Kingine sina."

"Bwana, nina msiba. Keshokutwa wageni wanakuja kufungua kituo rasmi, na mimi sina mgonjwa hata mmoja."

"Sasa huo si msiba, hiyo ni heri. Wanyama wako salama."

"Acha utani wako. Hospitali isiyo na mgonjwa nani ataifadhili?" Akafuta jasho, macho yakazunguka uani, yakatua chini ya mpera. "Yule nani?"

"Yule mdogo wangu."

"Mzima?"

"Kunishinda mimi."

Akachuchumaa mbele ya Shija akamtazama kama mtu anayechagua nazi sokoni. Akasema ni nusu siku tu, atamfunga kibandeji cha kupigia picha, jioni arudi kwake ale nyanya. Akasema kutakuwa na pilau. Halafu, kama vile amekumbuka tu njiani, akasema kituo kinatafuta mtu wa mapokezi, wa kuandikisha wagonjwa, na alikuwa ananifikiria mimi.

Nikamuuliza, "Ni kazi ya kukaa?"

"Ya kukaa moja kwa moja."

Hapo ndipo nilipopotea. Mama alikuwa ameniambia asubuhi ile ile kwamba keshokutwa kikundi chao cha akina mama kimealikwa mjini kuwaimbia wageni, yeye akiwa manju wao, mtunzi na kiongozi wa nyimbo, na mimi nikaitikia "ndiyo mama" kama navyoitikia kila kitu kukiwa na mpira redioni. Kwa hiyo nilichosikia mimi ni kwamba keshokutwa mama hatakuwepo nyumbani. Nikamwambia Monita nitamleta mwenyewe.

Siku yenyewe nikavaa Kaunda suti yangu ya ukarani (ilikuwa inabana tumboni, kiti cha kamba kilikuwa kimefanya kazi yake), nikamtia Shija kwenye gunia, nikamfunga kwenye karia ya baiskeli na mpira wa tairi, nikashuka naye hadi ziwani. Njia nzima anakwaruza gunia, nami namwambia tulia, tunakwenda kula pilau.

Getini nikamkuta dada mmoja aitwaye Nyamizi. Huyu ni mkaanga mapanki, yale mabaki ya sangara, kichwa na mifupa, yanayotoka viwandani minofu ikishakwenda Ulaya. Alikuwa amebeba kitu kikubwa kwenye kanga, na juu ya kanga limetokeza domo refu kama mpini wa jembe na kichwa kisicho na nywele. Kongoti. Wale ndege wakubwa wenye mfuko shingoni, wanaosimama kwenye majalala kama mahakimu waliostaafu. Mguu mmoja ulikuwa umezungukwa na uzi wa ndoano mpaka umezama kwenye nyama, umevimba, na harufu ilikuwa inakufikia kabla yake.

"Kaka, msaidie basi huyu," Nyamizi alikuwa anamwambia mlinzi. "Anashinda pale ninapokaangia. Leo hasimami kabisa."

Mlinzi akamjibu, na maneno hayo ninayo mpaka leo, "Leo hatupokei wagonjwa. Tuna wageni."

Kisha akanifungulia mimi geti. Mimi na kobe wangu mzima. Nyamizi akatazama gunia linavyopigapiga mateke, akaniuliza, "Wako anaumwa nini?" Nikasema mguu. Akasema, "Mbona ana nguvu hivyo?" Nikapita kama sijasikia, na kila nikikumbuka mgongo wangu ulivyompita yule dada natamani kuukung'uta kwa fimbo.

Ndani kuku walikuwa wamehamishwa alfajiri, ila manyoya yamejaa wavuni. Monita akamchukua Shija akamweka juu ya meza ya bati, akaanza kukoroga unga mweupe kwenye beseni.

"Ulisema bandeji."

"Bandeji haionekani kwenye picha," akasema. "Shika hapo."

Nikashika. Mimi mwenyewe, kwa mikono hii, nikamshikilia mdogo wangu mguu wa mbele wakati anafungwa hogo lililomzidi kichwa kwa ukubwa. Shija akaingiza kichwa ndani ya gamba, na hakukitoa tena siku ile. Monita akarudi nyuma akatazama kazi yake, akasema, "Safi. Huyu amegongwa na lori la samaki, wewe ndiye raia mwema uliyemwokota." Sikubisha. Niliona kiti cha mapokezi kule kona, kina mto.

Wageni wakaja. Kiongozi wao alikuwa mama mmoja wa Kizungu mrefu mwenye kofia ya ukindu, uso wa huruma kweli, sisemi vibaya juu yake, na wenzake wenye kamera. Watu wa mitaa ya jirani nao wakajaa, maana harufu ya pilau haina kadi ya mwaliko. Yule mama akakata utepe kwa mkasi mkubwa uliobebwa kwenye sinia, akaonyeshwa meza, akaonyeshwa kabati, akalisifu bwawa. Alipofika kwa Shija akapiga magoti akamshika gamba, macho yakamjaa machozi. Mimi nikasogezwa mbele nikapeana naye mkono, nikaambiwa ni shujaa, kwa Kiingereza, na kwa Kiingereza nikakubali.

Kisha akauliza jambo. Akasema kesho wanasafiri, na kilichowaleta hasa ni kuona mnyama anarudishwa porini. Je, huyu hawezi kurudishwa leo wakapiga picha? Monita, bila hata kumeza mate, akasema inawezekana kabisa, mtumbwi wa injini uko tayari, baada ya ngoma kobe atavushwa hadi vichaka vya upande wa Kamanga, na hogo litadondoka lenyewe akipona.

Nikamvuta shati. "Monita, ulisema jioni anarudi nyumbani."

"Tutamfuata kesho."

"Kobe wa porini utamfuata wapi?"

"Kulwa, ni kobe. Atakuwa amefika wapi?"

Akaniwekea sahani ya pilau mkononi, naona aibu kusema, lakini nikaipokea. Nilikuwa natafuta la kufanya, na mimi nikitafuta la kufanya huwa nakula. Nikapiga kijiko cha kwanza. Mshereheshaji akatangaza, "Sasa tunawakaribisha akina mama kutoka Buswelu," njuga zikalia, na kijiko kikasimama mdomoni, maana aliyetangulia mstari, kijiti mkononi, kitambaa chekundu kichwani, alikuwa mama.

Lazima mjue uimbaji wetu ulivyo. Manju hasomi wimbo mahali. Anatunga pale pale aliposimama, anamwimba anayemwona, na ngoma zetu ni za mashindano, kwa hiyo ulimi wa manju mzuri ni kama kisu cha kuchunia. Mama alikuwa mzuri. Nimewaona wanaume wa makamo wakihama kijiji kwa sababu ya beti zake. Akaanza vizuri, anasifu ziwa, anasifu wageni na kofia yao. Anazunguka, anasogea, akafika mbele ya meza. Akaona gamba. Akaona pete ya waya wa shaba. Mguu wake haukukosea hata pigo moja. Akageuza tu wimbo, kwa Kisukuma, na akina mama wakamwitikia:

*Shija wangu nimemwacha asubuhi chini ya mpera,*
*nani kamvisha kiatu cheupe cha maiti?*

Watu wakavunjika mbavu. Wazee walishika magoti, akina mama mpaka walikaa chini. Wageni wakatabasamu, kamera zikaja juu, na yule mama wa kofia akamgeukia Monita, "Anasema nini?" Monita hajui Kisukuma. Akanitazama mimi. "Huyu raia mwema ni mwenyeji wa hapa, atatutafsiria."

Nikasimamishwa katikati ya uwanja, sahani mkononi, kati ya mama yangu na wageni. Nikasema kwa Kiingereza cha kidato cha nne, "Anawashukuru. Anasema kobe amependeza."

Waliosoma shule wakawatafsiria wasiosoma nilichotafsiri, na kicheko cha pili kikaja kikubwa kuliko cha kwanza. Mama akasubiri kitulie. Alikuwa hacheki. Akanisogelea karibu, akanusa sahani yangu, kijiti chake kikanigusa kifuani kwenye mfuko wa Kaunda suti:

*Kulwa nilikunyonyesha ziwa la kulia,*
*la kushoto la Doto likanikaukia peke yake,*
*Shija nilipewa kwenye kofia nifute machozi.*
*Kulwa, umemuuza mdogo wako, pilau lina nyama?*

Hakuna aliyecheka sana safari hii, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Yule mgeni akauliza tena. Nikafungua mdomo niseme ametushukuru tena, na kwa jicho la pembeni nikaona vijana wawili wa mtumbwi wamemnyanyua Shija ndani ya kreti la soda, wanashuka naye kwenye maji, hogo linaning'inia nje. Na mama naye akaona. Wimbo ukakatika. Nimemsikia mama yangu akiimba maisha yangu yote, na sikuwahi kusikia wimbo wake ukikatika.

Basi nikasema. Nikasema yote, kwa sauti, Kiingereza changu kinajikwaa kama mlevi lakini kinasonga: huyu ni mama yangu, huyu kobe ni wa mama yangu, hajagongwa na lori, mguu wake ni mzima, hogo tumemfunga leo asubuhi ili ninyi mpige picha, na banda lile lilikuwa la kuku. Nikawaonyesha manyoya. Nilikuwa natetemeka, punje za pilau zinaruka. Nikamaliza nikangoja dunia ipasuke.

Monita akacheka. Kicheko kizuri, cha mwenye nyumba. Akapiga makofi mara mbili, akawaambia wageni, "Mabibi na mabwana, haya ndiyo maigizo yetu ya jadi. Mama na mwana wanawaonyesha kwa sanaa jinsi wanadamu wanavyowakosea wanyama."

Na wageni wakapiga makofi. Walisimama kabisa. Yule mama wa kofia alikuwa anafuta machozi, ananiambia naigiza vizuri sana, hasa ile kutetemeka. Nimepunguzwa kazi, nimemzika baba, nimeibiwa redio, lakini sijawahi kuwa na hasira kama ile ya kusema kweli mbele za watu na kupigiwa makofi.

Mama hakungoja makofi yaishe. Aliingia majini na njuga zake na kitambaa chake, akachukua mwanawe kwenye kreti, na wale vijana hawakuthubutu kumzuia.

Mlinzi wa geti alikuwa amekuja kuangalia "maigizo", kwa hiyo geti lilikuwa wazi, na Nyamizi akaingia. Alipita katikati ya wote na kanga yake, akaifungua juu ya meza ya kung'aa, kongoti akaangukia pale, usaha na damu vikatiririka kwenye bati ambalo halikuwa limewahi kuona tone.

"Mimi siigizi," akasema. "Na huyu naye haigizi."

Yule mgeni akautazama mguu, akamtazama Monita, akauliza polepole, "Daktari wenu ni yupi?" Kituo kilikuwa na meza, na kabati, na bwawa, na mapokezi yenye mto. Daktari hakikuwa naye. Mkasi pia hakikuwa nao, tulifungua kabati lote tukakuta bandeji tupu, mpaka mtu akakumbuka ule wa kukatia utepe.

Kwa hiyo mkasi wa sherehe ndio uliokata uzi. Nyamizi alikata. Mama alinikabidhi Shija kwa mkono mmoja bila kunitazama, akambana kongoti kati ya magoti kama anavyobana ndama wa kuchanjwa, akaniambia neno la kwanza tangu wimbo: "Shika kichwa." Nikashika. Mimi na Kaunda suti yangu, Shija kwapani, mdomo wa kongoti usawa wa kifua. Sasa, kongoti akiogopa ana desturi moja, anatapika, na huyu alishinda kwenye mapanki. Sitaeleza zaidi. Nitasema tu kwamba kile kijiko changu kimoja cha pilau nacho kilitoka kwenda kuungana na wenzake, mbele ya wageni, wazee, akina mama wa Buswelu, na kamera.

Ndege alipofungwa bandeji Monita akasema alazwe bandani. Nyamizi akamkunja tena kwenye kanga. "Umfuge na kuku wako? Bora akae kwangu na mapanki." Akatoka naye getini. Kongoti yule alibaki anachechemea, lakini alisimama. Kwa muda mrefu baadaye ulikuwa unamwona pale kwenye karai la Nyamizi, hakimu mwenye mguu mmoja mbaya.

Nyumbani tulirudi kwa miguu, mama mbele na Shija kichwani, mimi nyuma nasukuma baiskeli, nanuka, na akina mama wa kikundi wanaimba njia nzima wimbo mpya ambao sitauandika. Hogo lilikuwa limekauka kama jabali. Niliambiwa nilitoe mwenyewe, barazani, kila mpita njia aone, na nilililoweka kwa maji ya vuguvugu nikilibandua kidogo kidogo hadi likatoka. Chini yake ngozi ilikuwa imechubuka, ina kidonda kibichi. Mguu niliokuta mzima, sasa ulikuwa mbovu kweli. Tulimtafutia ugonjwa tukampatia.

Nikasema angalau hili nilirekebishe. Nikampakia tena, safari hii kwenye kikapu chenye majani laini, nikampeleka kituoni. Getini lilikuwa limesimama gari jipya la kituo, mlangoni limechorwa nembo: kobe mwenye hogo jeupe mguuni. Shija, mpaka pete ya shaba ilikuwepo. Mlinzi akatazama kikapu, akautazama mguu, akanitazama na mimi, na nadhani alinikumbuka.

"Leo hatupokei wagonjwa," akasema. "Tuna wageni."

Sikubishana. Nilirudi Buswelu nikamwosha kidonda kwa maji ya chumvi asubuhi na jioni, kazi iliyonitoa kwenye kiti kuliko ajira yoyote, mpaka akaanza kukanyaga. Mama alikuwa hajanisemesha sana siku zile. Siku aliyomwona Shija anavuka ua mwenyewe kwenda kwenye nyanya, akaweka jembe chini, akaniita.

"Kulwa. Kuanzia leo huyu si mdogo wako tena. Ni mkubwa wako. Mwamkie."

Nikadhani ni utani. Nikamtazama usoni, nikaona si utani. Nikachutama chini ya mpera, mtu mzima niliyesoma hadi kidato cha nne, majirani wamejaa uani kama wamealikwa, nikasema, "Shikamoo, Shija."

Na nimemwamkia kila asubuhi tangu hapo, hata sasa ambapo mama hayupo wa kunilazimisha. Kazi ya kukaa sitafuti tena, na mtu akija kwangu na pikipiki kuulizia afya ya mnyama wangu namwambia apige honi aondoke. Cheka utakavyo, niite daktari. Shikamoo ile naitoa kwa moyo, maana pale ufukweni siku ile tulikuwepo watu wengi, wenye kofia na wenye Kaunda suti, na kati yetu wote ni yeye peke yake aliyeona haya akaficha uso.